Naomba ushauri: niimalize Myombekere na Bugonoka au niirudishe?

Wakuu, habari za leo. Nina kibanda cha nyavu hapa Kirumba, Mwanza. Rafiki yangu Mkerewe kaniazima riwaya ya Aniceti Kitereza, ile aliyoiandika kwa Kikerewe akaimaliza 1945, Kiswahili chake kikatoka 1980. Kila msomi anaisifu. Mimi nasinzia! Kurasa nzima ni kulima na kusalimiana. Salamu za wakwe peke yake zinamaliza safari ya meli hadi Nansio, kisiwani Ukerewe.

Ila pale wakwe wanapomchukua binti yao kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwamba hajazaa, Myombekere akahangaikia pombe ya ndizi ili arudishiwe mke, mteja aliniita mara tatu sikusikia.

Mlioimaliza, kuna utamu mbele? Naruhusiwa kuruka kurasa? Mwenyewe anaitaka Jumamosi.