Naomba ushauri: mashindano ya bao Lamu msimu huu wa korona

Kijana wa Langoni (Oktoba 2020)

Assalaam aleikum wana jukwaa, na wakubwa shikamooni.

Vijana wa mtaani tumekubaliana kuandaa mashindano ya bao hapa Lamu mwezi ujao, na kazi ya kupanga nimepewa mimi. Tangu korona iingie nchini mwezi Machi, pale Mkunguni mbele ya Ngome pamepoa. Wazee waliokuwa wakiteremka kila baada ya Asiri sasa wanashinda majumbani, na wengine naona kabisa wamedhoofika kwa upweke. Tangu kafyu isogezwe hadi saa tano usiku na harusi ziruhusiwe watu 200, kila nikipita naulizwa, "Bao lini?"

Mimi nalitaka bao lirudi. Ila nikikaa kupanga naona mambo yananishinda. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete hizo hazina mwenyewe. Ukila za mwenzako zinahamia kwako, naye akila anazirudisha kwake, hivyo mchezo ukiisha kete nyingi zimepita mikono ya wote wawili. Wachezaji wanaketi goti kwa goti, katikati ubao tu, na sisi tunaambiwa mita moja na nusu. Halafu kuna watazamaji. Mnajua bao linavyotazamwa: mtu anainama juu ya bega la mchezaji, anahesabu kete kwa sauti, anacheka, anamsuta aliyekosea.

Kubwa kuliko yote, mafundi wetu ni wazee. Nikiandika majina kumi ya wanaolijua bao kwelikweli, saba au wanane wamepita miaka 60. Nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai, waliozidi miaka 58 waliambiwa wasali nyumbani. Sasa mimi niwaite wakae uso kwa uso wakipumuliana? Na nikiwaacha nje, hayo yatakuwa mashindano ya nani?

Nipeni mawazo.

Nesi Pwani

Waaleikum salaam mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa tangazo.

Naona kete zimekutia hofu sana. Zipo kwenye hesabu, lakini tishio kubwa ni pumzi. Mwezi Julai Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba penye watu wengi na hewa isiyozunguka, virusi vinaweza kuenea hewani, si kwa matone ya kukohoa na kupiga chafya peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni mtachezea wapi. Usiniambie ndani ya ukumbi, wala kwenye daka la nyumba lenye kuta pande tatu. Chezeni barazani kunakopita upepo wa bahari, na kila mtu barakoa juu ya pua, asiiteremshe kidevuni kila akitaka kusema. Na hao wanaosutana kwa sauti ndio ninaowaogopa zaidi, maana mtu anayepaza sauti hutoa matone mengi kuliko aliyenyamaza.

Kete mnaweza kuziosha. Komwe, zile mbegu tunazozifanya kete, ni ngumu na ganda lake linateleza, hainywi maji, kwa hiyo sabuni haiidhuru. Wekeni seti mbili kwa kila ubao: moja ikichezwa, nyingine imeoshwa na kuanikwa juani. Ubao futeni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, msiumwagie dawa kali ya madoa mkaharibu mti. Wachezaji wanawe kwa sabuni kabla na baada, au sanitaiza yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60. Glavu sizitaki kabisa. Mtu akivaa glavu anajiona amekingwa, kisha anajipangusa jasho usoni kwa mkono uleule ulioshika kete.

Mwenye homa, kikohozi, au aliyepotewa na harufu na ladha abaki kwake, na asionekane mwoga kwa hilo. Mtangaze mapema kwamba atakayejitoa kwa ugonjwa hahesabiwi ameshindwa, nafasi yake itangojwa. Usipolisema, watakuja wakiwa wagonjwa ili wasichekwe.

Mfaza

Mimi niko Faza, kisiwani Pate. Mkitupa mwaliko tutakuja, lakini fikirieni na njia. Hamuwezi kutupanga mita moja na nusu barazani wakati tumefika tumebanana kwenye boti, bega kwa bega, masaa mazima. Na tukishafika tunalala kwa jamaa, vyumba vimejaa. Kwa maoni yangu mwaka huu kila kisiwa kicheze chake, Pate kwao na Amu, yaani Lamu, kwao. Tunaumia kusema hivi kwa sababu tunawadai ushindi, lakini deni halina haraka.

Mwamu wa Minnesota

Kaka, niko Marekani mwaka wa saba sasa. Huku nacheza diski gofu. Ni mchezo wa kurusha visahani vya plastiki uwanjani mpaka viingie kwenye kikapu cha minyororo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Chama chao kikuu, PDGA, kilisimamisha mashindano mwezi Machi, na ubingwa wa dunia wa mwaka huu uliokuwa ufanyike Ogden, Utah, umesogezwa hadi 2021.

Tuliporudi uwanjani yalibadilika mengi. Zamani wachezaji wote walikusanyika asubuhi, wakasikiliza maelekezo, kisha wakaanza kwa pamoja. Safari hii kila kikundi cha watu wachache kilipewa saa yake. Unafika karibu na muda wako, unacheza, unaondoka. Sahani ya mwenzako huigusi hata ikianguka miguuni mwako. Alama kila mtu anaandika kwenye simu yake, karatasi ya kupokezana imeondolewa. Hotuba hakuna, na sherehe ya zawadi hakuna.

Najua sisi kete hatuwezi kukwepa kuzigusa. Lakini hilo la saa mnaliweza. Chukueni wachezaji 16 kwa mtoano, jumla ni mechi 15. Mkicheza mbili kila alasiri, kati ya Asiri na Magharibi, siku nane mmemaliza, na barazani wanakuwapo watu wanne na waamuzi wao. Ukiyabana yote Jumamosi moja, wale waliotolewa mapema hawataenda nyumbani, watabaki kutazama.

Dada wa Mkomani

Watazamaji tuwarushie laivu. Simu moja ifungwe juu ya ubao ionyeshe mashimo yote.

Mfaza

Dada, wazo zuri, lakini nijuavyo mimi watu kumi watakusanyika kwenye simu moja barazani kwa mwenye bando. Mtakuwa mmehamisha msongamano tu.

Dada wa Mkomani

Ni kweli. Basi video tuirekodi, tuitume usiku kwenye makundi, kila mtu aitazame kwake bila kuwahi. Na pale uwanjani pavutwe kamba mita tatu kutoka kwenye ubao, asiivuke mtu ila wachezaji na mwamuzi.

Ami wa Mkunguni

Kijana wangu, marahaba. Mimi ni katika hao uliowaandika, nimepita miaka 70. Nimesoma yote mliyoyasema na nawashukuru kwa kutuonea uchungu.

Nina ombi. Musituondoe bila kutuuliza. Tangu Machi watu wanaamua juu yetu, tusali wapi, tukae wapi, na sisi tunatii kwa sababu tunajua maradhi haya yanawachukua wazee zaidi. Hapa kwetu mtu akizidiwa ni kuvuka bahari hadi Mokowe, bara, na kufuata ndia ya Malindi na Mombasa. Sote twalijua hilo. Lakini kuteza bao ndiko kunakoniamsha kitandani.

Basi sikilizeni. Wekeni mbao mbili, moya mbele yangu, moya mbele ya mwenzangu, mbali kwa mbali, kila ubao na kete zake 64. Nikinamua, yaani nikitia kete ya mkononi ubaoni, nitasema shimo na upande: "La tatu, kulia." Mimi nasambaza kwangu, naye anasambaza kwake vilevile. Kete ya mwisho ikifika nyumbani, lile shimo kuu la mchezaji, nitasema nalala, yaani naishia hapo, au nasafiri, yaani naendelea kusambaza. Bao halina siri, kete zote ziko wazi, na ukishajua shimo na upande mwendo wote unajulikana. Fundi wa kweli hana haja ya kuuona mkono wangu.

Nesi Pwani

Ami, shikamoo. Hilo limenifurahisha kuliko yote niliyoyaandika mimi. Mita mbili, nje, barakoa, na kila mtu kete zake! Sina la kupinga.

Mfaza

Isipokuwa makosa. Mtu akiruka shimo moja tu, mbao zimetofautiana, na baada ya zamu tatu hakuna ajuaye ubao upi ni wa kweli. Ugomvi wake hautaisha.

Ami wa Mkunguni

Mwamuzi asimame katikati. Kila zamu ikiisha, aliyecheza ataje amelala shimo gani na nyumba ina kete ngapi, mwenziwe aitikie. Zikitofautiana, zamu irudiwe palepale. Itakwenda polepole, na sisi wazee hatuna haraka.

Kijana wa Langoni

Nimepata zaidi ya nilichotafuta. Nitafanya hivi: waliopita miaka 58 nitawaendea mmoja mmoja, nisimame nje ya mlango, niwaulize. Atakayekubali atacheza kwa mbao mbili. Vijana watacheza ubao mmoja na kete za kuosha, barakoa lazima. Mechi mbili kila alasiri, kamba ya mita tatu, na video usiku. Wageni wa visiwani mtuwie radhi mwaka huu. Kanzu ya zawadi itapelekwa nyumbani kwa mshindi. Kabla ya yote nitakwenda kwa chifu na afisa wa afya niwaeleze mpango mzima, na wakisema hapana tutangoja.

Nimebakiza jambo moja. Mbao ninazo tatu, na moja imepasuka. Kwa mechi mbili za wazee kwa wakati mmoja nahitaji nne nzima.

Ami wa Mkunguni

Wangu uko, mjukuu ataleta kesho. Kete zimepungua, nadhani sita.

Kijana wa Langoni

Hizo si taabu Ami. Nitaokota komwe vichakani huko Shela nikienda Ijumaa.