MJADALA: Mwananchi anayewapa watafiti taarifa za mafuriko ni mshiriki au kibarua wa bure?

Mleta mada

Wakuu, naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Kwetu ni bondeni, kando ya mto Msimbazi hapa Dar es Salaam. Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana wa mradi mmoja wakamwomba mama awaonyeshe maji yalifika wapi ile Desemba ya 2011. Alama ipo ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, na kila tukipaka rangi mama anakataza pasiguswe pale. Wakapima, wakapiga picha, wakauliza choo kiko wapi na mtaro unazibia wapi. Saa nzima. Akawapa na chai. Hawajarudi mpaka leo.

Sasa naambiwa hiyo ndiyo sayansi shirikishi, yaani mwananchi wa kawaida kusaidia kukusanya data za utafiti. Mimi nasema anayetoa data alipwe, au walau awe na kauli juu yake. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 tuliona nyumba za bondeni zikipigwa X nyekundu na nyingine zikivunjwa, ikitajwa sheria ya mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sisemi ramani ndiyo ilileta X. Ila mama angeambiwa kwamba majibu yake yanaweza kusomwa na mtu yeyote, pengine chai ile isingechemka.

Mwanafunzi wa zamani wa Ardhi

Pole mkuu. Mradi uliopita kwenu siujui. Mimi nilitembea na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar inayofurika, ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tukishirikiana na wakazi wenyewe. Kabla yake mtaa wa Tandale, hapahapa Dar, ulikuwa umeshachorwa 2011. Watu wanasahau hali ilivyokuwa: mtaa una maelfu ya watu, kwenye ramani ni doa tupu. Tulichochora kikawekwa OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na yeyote anakipakua bila kulipa.

Kuhusu malipo nakataa kabisa. Tangaza elfu tano kwa kila alama ya maji uone: kesho asubuhi mafuriko ya 2011 yatakuwa yalifika kwenye dari. Mzee ukimuuliza leo hakupi sentimita, anagusa goti au kiuno, na jirani yake anamsahihisha palepale. Ubishi huo wa barazani ndio kipimo chetu. Ukiweka hela katikati, jirani naye atanyamaza, maana kesho ni zamu yake.

Mdau wa Arusha

Hoja ya dari imenichekesha, ila ina tundu. Mnazungumza kana kwamba washiriki wote wako sawa. Chukueni Serengeti. Kuanzia 2010 watafiti walitega kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Picha zikawa nyingi kupita uwezo wao, wakaziweka mtandaoni watu wa kawaida wazitambue: huyu nyumbu, huyu pundamilia, huyu fisi. Waliojisajili walipita 28,000, na majibu yao yalipolinganishwa na ya wataalamu yalikubaliana kwa takriban asilimia 97. Huku kwetu nako, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha mwaka 2016 kazi ambayo wanakijiji wa bonde la Kilombero walionyesha kwenye ramani wapi mbu ni wengi, na mitego ya mbu ikatoa majibu yanayofanana. Kwa hiyo ile hofu ya watu wengi kwamba mwananchi atakosea tuifunge.

Lakini anayehesabu nyumbu jioni akiwa sebuleni kwake, intaneti ya kutosha, hadai malipo na hana sababu ya kudai. Ni burudani yake, na hakuna X itakayopigwa mlangoni kwake kwa sababu amemtambua fisi. Mama yake mleta mada ametoa choo chake, mtaro wake, ukuta wake. Hawa wawili kuwaita kwa jina moja, "washiriki", ni kumpunja mmoja.

Mwenyeji wa Kwale

Hamjambo majirani. Huku Ghuba ya Gazi, pwani ya Kenya, tuna mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013: hekta 117 za mikoko zinalindwa na wanavijiji wa Gazi na Makongeni, hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko inauzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, na pesa zinaingia kwenye mambo ya kijiji kama maji ya bomba na vitabu vya shule. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walikuwa wakichunguza mikoko hiyo miaka mingi kabla ya mauzo kuanza. Hakuna anayelipwa kwa jibu moja moja. Matumizi yanazungumzwa barazani, na huko mvuvi anayeijua tofauti ya mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, tangu utotoni hanyamazi.

Ila niseme ukweli, sisi mkoko wetu una mnunuzi. Alama ya maji ya mamako nani atainunua?

Mpita njia

Mimi naunga mkono hoja ya chai. Irudishwe.

Mleta mada

Nimesoma yote. Kwenye malipo nimeyumba, sikatai. Mama mwenyewe nilipomsomea ile ya dari alicheka akawataja majirani wawili kwa majina. Lakini hata mwanafunzi wa Ardhi hajanijibu kuhusu kauli. "Yeyote anapakua bila kulipa" ni kweli kwa mwenye kompyuta na anayejua aanzie wapi. Mwenye nyumba hakuwa mmoja wao.

Basi jana nikapakua. Nikachapisha A3 steshenari, nikapeleka ofisi ya serikali ya mtaa, ikabandikwa karibu na tangazo la chanjo. Dakika kumi hazikuisha wazee wakawa wameizunguka. Mama akatafuta kwetu, akapaona, akanyamaza kidogo. Kisha mjumbe akaweka kidole nyuma ya msikiti: pale kuna kalvati, ndilo linalojaa taka na kuturudishia maji, na kwenye ramani halimo.

Mwanafunzi wa Ardhi, linaongezwaje? Mjumbe anasubiri hapa, na kalamu anayo mkononi.