Gumzo la ukoo: Mwajuma na wenzake kwenye chemsha bongo ya kemia

Babu: Assalamu alaykum, watoto na wajukuu zangu. Leo ndiyo Jumamosi ya mashindano, na kabla hayajaanza nawakumbusha utaratibu tuliokubaliana tangu kikundi hiki kilipofunguliwa: tuandike maneno kamili bila kukatakata herufi, kwa sababu bibi yenu husomewa na mjukuu, na mjukuu akikwama kwenye kifupisho bibi hubaki nje ya mazungumzo.

Shangazi wa Gungu: Waalaykum salaam, shikamoo baba. Nimeamka alfajiri nikamaliza kukata sabuni na kuipanga kivulini ili nisiwe na kazi ya kunitoa kwenye simu. Bando lipo na chaji imejaa.

Mama Mwajuma: Shikamooni wazee wangu. Mimi chai imenishinda kuinywa. Jana usiku nilizungumza na mwanangu nikamwambia ale mapema alale, naye akaniambia kwamba wote wanne wa timu yao wamekubaliana kutofungua daftari tena baada ya sala ya isha.

Kaka Mkubwa: Shikamooni nyote. Nimeshakaa ukumbini hapa Dodoma, safu ya tatu, upande wa wanafunzi wa chuo cha Mwajuma ambao wamekuja na ngoma na vitambaa. Zipo timu nne za vyuo vinne. Jibu sahihi lina alama 10, na atakayebonyeza kengele akakosea anakatwa alama 5. Maswali yote yanaulizwa kwa Kiingereza, kama tunavyofundisha kemia huku sekondari, kwa hiyo nitawafasiria kila swali linalomhusu Mwajuma na timu yake ili msishangilie namba tupu.

Baba Mdogo wa Tabora: Shikamoo baba, shikamoo mama. Naomba niseme mapema ili nisionekane mnafiki baadaye: moja ya timu hizo nne ni ya chuo nilichosoma mimi, na mapenzi ya chuo hayafutiki. Hata hivyo Mwajuma ni binti yangu, na leo nimekaa upande wake.

Shangazi wa Gungu: Kama umekaa upande wetu, basi omba hao wa chuo chako wapewe maswali magumu na wachanganyikiwe!

Bibi (anaandikiwa na Sikujua): Marahaba, wanangu wote. Wewe wa Gungu, futa dua hiyo. Wale nao wana mama zao waliokaa kama Mama Mwajuma na chai imewapoa mkononi. Tuombe watoto wetu wakumbuke walichosoma. Tusiombe watoto wa wenzetu wasahau.

Shangazi wa Gungu: Nimefuta, mama. Unisamehe.

Kaka Mkubwa: Wameanza. Swali la kwanza la timu yetu: chumvi za metali gani hutoa ulimi wa moto wa manjano makali zikiwekwa motoni? Mwajuma amejibu bila kushauriana na mtu: sodiamu. Alama 10. Joto huisukuma elektroni ya sodiamu ipande ngazi ya juu, na inaposhuka hutoa mwanga wa manjano wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 589. Potasiamu ingetoa zambarau hafifu, na shaba ingetoa kijani chenye ubuluu.

Bibi (anaandikiwa na Sikujua): Mwambieni mjukuu wangu kwamba jibu hilo nililiona kwa macho nikiwa mdogo kuliko alivyo Sikujua leo. Baba yangu alinichukua Uvinza, kule ambako maji ya chemchemi yalichemshwa kwenye vyungu mpaka yakaacha chumvi, na kila chungu kilipofurika na maji kumwagikia kuni, moto uligeuka manjano ukang'aa kuliko moto wa jikoni kwetu. Nilimuuliza baba kwa nini, akasema ndivyo moto wa Uvinza ulivyo. Nimeishi na jibu hilo mpaka asubuhi ya leo.

Mama Mwajuma: Mama, umenitoa machozi na bado ni swali la kwanza.

Kaka Mkubwa: Mzunguko wa kwanza umekwisha. Sisi tuna alama 40, chuo cha Baba Mdogo 40, wengine wawili wana 30 kila mmoja. Swali moja lingemfurahisha babu: chuma lazima kikutane na vitu gani viwili ili kishike kutu, na taja njia moja ya kukinga. Mwenzake Mwajuma, kijana mwenye miwani, amejibu kwamba ni maji na oksijeni, na kinga ni kupaka grisi au rangi.

Babu: Kijana huyo amejibu vyema, na mfano wake umeelea mbele ya mji wetu. Nilipofanya kazi bandarini wazee walitusimulia habari za Liemba, meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa hapa. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona vita vimewazidi waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini iliyolala miaka minane majini iliwezekana kutengenezwa kwa sababu grisi iliyazuia maji na hewa kuigusa. Sisi tulilisema hilo kama hadithi ya ujanja wa mafundi, wala hatukujua kwamba tunasema kemia.

Baba Mdogo wa Tabora: Baba, historia hiyo ningeisikia shuleni kwa namna hiyo labda nami ningechagua sayansi.

Kaka Mkubwa: Jamani, tumepata pigo. Sasa ni mzunguko wa kengele, atakayewahi ndiye anayejibu. Msomaji ameanza, "Elementi iliyo kimiminika katika joto la kawaida la chumba," na Mwajuma akabonyeza hapo hapo akasema zebaki. Swali lilikuwa linaendelea kusema "lakini si metali". Jibu lilikuwa bromini. Tumekatwa alama 5, na timu nyingine imepewa nafasi ikajibu.

Mama Mwajuma: Yuko katika hali gani? Mtazame usoni badala yangu, mwanangu, uniambie.

Kaka Mkubwa: Ameinamisha kichwa mezani. Mwenzake wa kushoto amemwekea mkono begani na kumwambia neno ambalo sijalisikia. Huku kwenye viti vyetu ngoma zilinyamaza kwa muda, kisha msichana mmoja wa safu ya mbele akasimama peke yake akaanza kuimba jina la Mwajuma, na sasa safu zote zinaimba. Nami nimesimama. Naandika nikiwa nimesimama.

Bibi (anaandikiwa na Sikujua): Mungu amlipe mema msichana huyo aliyesimama peke yake. Kumshangilia aliyepatia hata mpita njia anaweza.

Shangazi wa Gungu: Na sisi tuimbe hapa. Mimi nimeshapiga kigelegele mpaka jirani amekuja kuuliza kama kuna harusi, na nilipomweleza akavuta mkeka akakaa. Tunasubiri pamoja.

Kaka Mkubwa: Wametulia. Wamejibu maswali matatu mfululizo bila kubonyeza kabla swali halijaisha. Nimependa sana jambo hilo kama mwalimu, kwa sababu wanafunzi wangu wakikosea swali moja huharibu na yanayofuata.

Kaka Mkubwa: Shangazi, soma hili kwa makini. Mzunguko wa hesabu: gramu 807 za tripalmitini, yaani moli moja (kipimo cha kuhesabia molekuli) ya mafuta hayo, zinahitaji gramu ngapi za sodiamu haidroksaidi ili zigeuke zote kuwa sabuni, na pamoja na sabuni hupatikana kitu gani kingine? Wamepewa sekunde 60. Mwajuma ndiye anayeandika, wenzake wanamtazama.

Shangazi wa Gungu: Sodiamu haidroksaidi ndiyo kostiki soda yangu?

Kaka Mkubwa: Ndiyo hiyo hiyo, shangazi. Amejibu! Gramu 120, na kitu kingine ni gliseroli. Amepata zote! Kila molekuli ya mafuta imebeba asidi tatu za mafuta, kwa hiyo inataka moli tatu za kostiki, na moli moja ya kostiki ina uzito wa gramu 40. Mara tatu ni 120. Hapa ukumbini hamsikilizani kwa kelele.

Shangazi wa Gungu: Alhamdulillahi! Mtoto huyo likizo zote alikuwa akinishikia mizani hapa uani, akikasirika nikikadiria kwa macho. Lakini nina swali, na naliuliza kwa sababu ni riziki yangu. Nimepiga hesabu hapa na jirani, na kwa kiwango hicho kilo moja ya mafuta ingetaka kama gramu 149 za kostiki. Mimi nikiweka 150 kwenye kilo ya mawese wateja wanalalamika mikono inawasha. Nilipunguza kidogo kidogo kwa miaka mpaka nikafika 135, na hapo nimesimama. Ni mimi ninayekosea au ni swali?

Kaka Mkubwa: Swali hilo namwachia Mwajuma mwenyewe, shangazi. Sasa hivi timu yetu na chuo cha Baba Mdogo zina alama 115 kila moja, na limebaki swali moja la kengele.

Mama Mwajuma: Ya Rabi.

Kaka Mkubwa: Swali: katika utengenezaji wa amonia kwa kuunganisha naitrojeni na haidrojeni, kichocheo cha kawaida ni metali gani? Wote wamesubiri swali liishe. Kijana wa chuo cha Baba Mdogo amewahi kengele kwa kufumba na kufumbua. Chuma. Ni sahihi. Wamefikisha 125, sisi tumebaki na 115. Tumekuwa wa pili.

Babu: Alhamdulillahi kwa hayo. Wa pili kati ya vyuo vinne.

Baba Mdogo wa Tabora: Mama Mwajuma, chuo changu kimeshinda na nimejikuta natazama simu bila furaha niliyoitegemea. Nawapongeza vijana wale kwa dhati, kwani wamejibu haki yao. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye meza ya binti yangu.

Mama Mwajuma: Nakujua, shemeji, wala sina shaka nawe. Nimelia, na sasa nimenyamaza. Naomba tu asikie sauti zetu kabla hajaanza kujilaumu.

Mwajuma: Shikamooni babu, bibi na wazee wangu wote. Kaka amenipa simu yake nikasoma kila kitu kuanzia salamu za asubuhi, nikiwa nimekaa ngazini nje ya ukumbi. Bromini nilikuwa naijua. Nilikimbilia kengele kwa hofu ya kuwahiwa, na lile litanisumbua kwa siku kadhaa, ingawa wenzangu wamekataa kunilaumu. Kijana aliyejibu swali la mwisho amekuja kutupa mkono, akasema vidole vyetu viwili viligusa kengele karibu sawia.

Bibi, sikuwahi kujua kuhusu moto wa Uvinza. Nikija likizo nitakuwashia moto uani na kuunyunyizia chumvi, uuone tena.

Shangazi, hukukosea, wala swali halikukosea. Tripalmitini ni mafuta ya aina moja tupu, lakini mawese ni mchanganyiko: sehemu kubwa ni asidi ya palmitiki yenye kaboni 16, na sehemu inayoikaribia ni asidi ya oleiki yenye kaboni 18. Molekuli za mawese kwa jumla ni nzito zaidi, kwa hiyo kilo moja ina molekuli chache zaidi, nayo hutosheka na kostiki ya takribani gramu 141. Ukiweka 150, inayozidi hubaki ndani ya sabuni, na ndiyo iliyokuwa ikiwasha mikono ya wateja. Ukiweka 135, mafuta kidogo hubaki bila kugeuka na kulainisha ngozi. Watengeneza sabuni waliosoma hupunguza kwa makusudi karibu kiasi hicho hicho. Mwalimu wetu nimemsimulia, naye anaomba kipande cha sabuni yako tukipime maabara.

Shangazi wa Gungu: Marahaba, mwanangu. Nimemsomea jirani mara mbili. Kesho alfajiri nitamkabidhi kondakta wa basi vipande saba: vinne ni vyenu wanne, kimoja cha kaka yako aliyetuandikia akiwa amesimama, kimoja cha mwalimu kwa ajili ya maabara, na cha saba mpeni kijana yule aliyewapa mkono.