Nina vikao tisa kwa siku, kazi nifanye saa ngapi?

SaaMbovu (mleta mada): Wakuu, habari za usiku. Nina miezi minne tangu niteuliwe kuwa mkurugenzi mtendaji. Leo nimekaa vikao tisa. Faili la bajeti liko wazi mezani tangu Jumatatu, ukurasa uleule wa pili, na juu yake pameshachorwa duara la kikombe. Hawa wakubwa waliofanikiwa wanaigawaje siku? Nipeni ratiba.

MzeeWaKona: Amka saa kumi alfajiri. Mimi nimeamka hivyo miaka sita. Nikaambulia vidonda vya tumbo, ila ripoti zangu hazikuchelewa hata siku moja.

Bi Kalamu: Eisenhower, rais wa Marekani wa wakati huo, alisema mwaka 1954, akimnukuu mtu mwingine, kwamba matatizo ni ya aina mbili: ya haraka na ya muhimu, na la haraka si muhimu. Bajeti haikupigii simu, ndiyo maana imelala. Itengee saa mbili za asubuhi na uziandike kwenye kalenda kama kikao. Bezos, mwanzilishi wa Amazon, naye amewahi kueleza kwamba vikao vizito anaviweka saa nne asubuhi. Jambo likimfikia saa kumi na moja jioni analisukuma hadi kesho. Kwani vikao vyako anapanga nani?

SaaMbovu: Napanga mwenyewe.

Bi Kalamu: Katibu muhtasi hayupo?

SaaMbovu: Nilimhamishia masjala. Alikuwa mtu wa bosi aliyepita. Sioni kosa langu hapo, kalenda ya mkurugenzi ni siri. Na waraka nimeshauandika: vikao vyote vianze saa kumi na moja alfajiri. Bado kusaini tu.

Kibuyu: Sasa unaomba ushauri au unaomba kalamu? 😂

MamaBusara: Kiburi hicho, mwanangu. Huyo katibu ndiye anayejua nani wa dakika tano na nani wa saa nzima. Mrudishe, tena kwa heshima.

Mchunguzi: Hii chai, na kikombe kakiweka mwenyewe juu ya bajeti. Mtu wa vikao tisa anajibu ndani ya dakika mbili? Halafu nimepitia nyuzi zake. Miezi mitatu iliyopita alikuwa anauliza namna ya kukata rufaa ukihamishiwa masjala.

Kibuyu: Weee! Kumbe katibu ndiye wewe?

SaaMbovu: Nilikuwa namuulizia mtu.

MamaBusara: Basi huyo mtu mwambie bado nasema arudishwe.

MzeeWaKona: Na ule waraka wa alfajiri, umesainiwa au haujasainiwa?