Mrejesho: miche ya maembe iliyokuwa inanyauka

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini miche ya maembe ya kubebeshwa (tawi la embe jingine limeunganishwa juu ya mche wa embe la kienyeji) kutoka kitalu kimoja hapa Dodoma inanyauka ilhali maji inapata. Tatizo lilikuwa ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wenye mche: mzizi mkuu umegonga chini, ukajikunja na kuzunguka kama springi. Mche wa hivyo umekaa kitaluni kupita kiasi. Mizizi haitoki kutafuta maji, na upepo wa huku unaumaliza.

Muuzaji kabadilisha bila ubishi, hilo nampongeza. Kabla ya kulipa, geuza kiriba. Kama mizizi minene imetoboa chini, acha. Tazama na kiungo, pale mche ulipounganishwa: nailoni iliyofungwa hapo isiwe imekaba gome, na machipukizi ya chini yake yakatwe, maana hayo ni ya embe la kienyeji.

Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi. Kiungo kibaki juu ya ardhi. Matandazo yasiguse shina, mchwa hupandia hapo. Na kama unapanda kabla ya mvua za Desemba, weka kivuli cha mabua.