Kujitawala unaposhambuliwa: je, kutetemeka ni woga, na hasira inasaidia?

Mkazi wa Pasua (Moshi) anauliza:

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Pasua na ninafanya kazi katika duka la vifaa vya umeme karibu na soko la Mbuyuni, kazi ambayo mara nyingi hunirudisha nyumbani usiku. Kwa muda sasa ninafanya mazoezi ya ngumi katika klabu ya mtaani, na mwalimu husema kwamba ninashika haraka anachofundisha. Hivi karibuni, pale stendi, mpiga debe mmoja alinikamata ukosi wa shati kwa sababu nilikataa kupanda gari alilokuwa akilipigia debe, kisha akanitukania mama mbele ya abiria. Watu walituachanisha kabla hatujapigana. Kilichonishangaza ni hali yangu mwenyewe: magoti yalitetemeka, kinywa kilikauka, na katika yote niliyofundishwa sikukumbuka hata namna ya kusimama. Yule bwana alipokwisha kuondoka, ndipo hasira iliponipanda kwa nguvu kiasi cha kutaka kumfuata alikokwenda, na rafiki yangu akanivuta ndani ya daladala.

Naomba kuelimishwa. Je, kutetemeka kule ni woga, na mazoezi yanaweza kuondoa hali hiyo? Pia, wenzangu klabuni wanasisitiza kwamba hasira ndiyo nguvu yenyewe, na kwamba asiye na hasira hapigani. Kuna ukweli wowote katika hilo? Wenye utani kuhusu wanaume wanaotetemeka naomba wauweke kwa ajili ya mada nyingine.

Kocha wa Ngarenaro (Arusha):

Ndugu yangu wa Pasua, swali lako la kwanza huwasumbua vijana wengi ambao hawathubutu kulitamka, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Mwili unapotambua hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega, mboni za macho hupanuka, na mate hukauka kwa sababu shughuli ya kusaga chakula imeahirishwa. Misuli iliyokwisha kuandaliwa kukimbia au kupigana, ikizuiwa isifanye lolote kati ya hayo mawili, hutetemeka. Vidole navyo hupoteza ustadi, ndiyo maana mtu aliyetishwa hushindwa kuingiza ufunguo katika kitasa cha mlango wake mwenyewe. Macho hung'ang'ania kilicho mbele na kusahau pembeni, ambako mara nyingi ndiko anakosimama mwenzake wa mshambuliaji. Bondia mzoefu hupatwa na hayo hayo akiwa chumbani anasubiri kuitwa ulingoni. Yeye ameyazoea tu, na hapotezi muda kujiuliza kama amegeuka kuwa mwoga. Kwa hiyo usitafute mazoezi ya kuondoa kutetemeka, bali tafuta mazoezi ya kufanya kazi huku unatetemeka.

Hukukumbuka ulichofundishwa kwa sababu ulijifunza ukiwa umetulia, mbele ya begi la mazoezi ambalo halitukani wala halishiki ukosi. Mwombe mwalimu wako akukimbize hadi pumzi zikuishe, kisha papo hapo mwenzako akusukume, akukamate shati na kukupigia kelele usoni, na wewe ufanye jambo moja tu: inua mikono usawa wa kifua viganja vikiwa wazi, toka hatua moja nyuma na pembeni, useme kwa sauti ya kusikika, «Kaka, sitaki ugomvi, rudi nyuma.» Mikono iliyo hapo iko tayari kuulinda uso, na kila anayetazama anaona kwamba wewe si mchokozi. Ukilirudia zoezi hilo mara nyingi ukiwa umechoka na umeudhiwa, mwili utalifanya kabla akili haijamaliza kushangaa. Mbinu nyingine zisizidi mbili au tatu, na ziwe za misuli mikubwa. Zile za kukunja vidole na vifundo vya mikono zinapendeza katika maonyesho, lakini kwa mtu ambaye vidole vimekufa ganzi ni mzigo.

Kuhusu pumzi: vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulioutumia kuivuta. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakopunguza kasi ya moyo, na katika mabadiliko yote niliyoyataja, upumuaji ndio sehemu pekee unayoweza kuiamuru moja kwa moja. Jizoeze ukiwa katika foleni ya benki au katika daladala iliyojaa, maana siku ya shari si siku ya kujifunza.

Ama wenzako wanaosema hasira ni nguvu, wakumbushe Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Bondia George Foreman alikuwa na umri wa miaka 25 na hakuwa ameshindwa hata pambano moja. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akajifunika, akawa anamsemesha maneno ya kumkera huku akipigwa. Foreman akatupa ngumi nzito mfululizo hadi mikono yake ikaisha nguvu, na katika raundi ya 8 akaangushwa. Hasira inakupa ngumi nzito za mwanzo, sikatai, ila inakulipisha pumzi, macho na hesabu.

Mzee wa Kibosho:

Vijana wangu, nimesoma yote kwa makini, na kwa maoni yangu mmeyafanya mambo kuwa marefu. Mtu akitaka simu yako, mpe. Akikutukana, ondoka. Simu inanunuliwa tena pale mjini, na matusi hayaachi kovu.

Mama wa Mitumba, Kiboriloni:

Shikamoo Mzee. Ushauri wako ni mzuri kwa anayetakiwa simu, lakini mwanamke anayefunga biashara jioni na kukuta mtu anamfuata uchochoroni hawezi kumaliza jambo kwa kutoa simu, kwa sababu huenda huyo mtu hajaifuata simu. Tena kwa wengi wetu tatizo si hasira kuzidi. Mwili huganda. Unaambiwa kuna kukimbia na kuna kupigana, lakini ipo hali ya tatu, ambapo miguu haiendi na sauti haitoki, na baadaye watu wanakuuliza kwa nini hukupiga kelele, kana kwamba ulichagua. Sisi tumelelewa kuona aibu kupaza sauti mbele za watu, na aibu hiyo huja hata pale ambapo kelele ndiyo ingetuokoa. Kwa hiyo nakubaliana na Kocha kuhusu mazoezi, ila ningependa sauti iwe somo la kwanza na si nyongeza. Katika kikundi chetu cha akina mama tuliona haya mno mwanzoni, tukacheka sana, kisha tukazoea.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likifundishwa, nalo ni la kupaza sauti kusema nini. Ukipiga kelele za «mwizi!» katika soko lolote la Moshi au Arusha, hutakuwa umeita msaada, utakuwa umeita hukumu. Watu watakuja na mawe na matairi, na mtu aliyekusukuma tu, au hata mpita njia aliyeanza kukimbia kwa hofu, anaweza kuuawa mbele ya macho yako, wala hutakuwa na uwezo wa kuwazuia. Kujitawala kwako ni pamoja na kutoliachia kundi hasira yako. Sema unachokitaka: «Niache! Simfahamu huyu!» Kisha mchague mtu mmoja kwa macho, «wewe kaka mwenye koti la bluu, njoo usimame hapa,» kwa sababu ukiwaita wote, kila mmoja humsubiri mwenzake.

Wakili (Moshi):

Nimefurahi kwamba mada imefika hapo, maana sheria inaligusa jambo hili hili kutoka upande mwingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vifungu vinavyofuata, inampa mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Hata hivyo, kifungu cha 18B kinamruhusu kutumia nguvu ya kiasi tu, ile inayohitajika kwa ulinzi huo. Akizidisha, anawajibika kwa kosa lolote litokanalo na ziada hiyo, na ikiwa ziada hiyo imesababisha kifo, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha.

Watu wengi huamini kwamba hasira humtoa mtu hatiani. Haimtoi. Vifungu vya 201 na 202 vinasema kwamba aliyeua kwa jazba iliyotokana na kuchokozwa kwa ghafla, kabla jazba hiyo haijapata muda wa kupoa, atahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia badala ya kuua kwa kukusudia. Bado ni mkosaji, na bado anaweza kwenda gerezani. Mtu aliyetukanwa stendi, akaenda nyumbani kuchukua panga na kurudi, atapata taabu kubwa kuishawishi mahakama kwamba jazba haikuwa na muda wa kupoa. (Na kwa kuwa mabondia huniuliza mara kwa mara: hakuna kifungu kinachosema kwamba mikono ya bondia ni silaha iliyosajiliwa. Lakini mahakama inapopima kiasi cha nguvu, huangalia nani alikuwa anapambana na nani.)

Ndugu muulizaji, katika maelezo yako sehemu iliyonitia wasiwasi si kutetemeka, ni kule kutaka kumfuata. Haki ya kujilinda huisha pale hatari inapoisha. Akigeuka na kuondoka, au akianguka na hawezi kuinuka, ngumi inayofuata ni shambulio, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Wateja wengi wa mashauri ya namna hii wanaofika ofisini kwangu hawakukosea katika sekunde za mwanzo. Walipiga mara moja kwa haki, kisha wakaendelea.

Mkazi wa Pasua:

Nawashukuru nyote, na Mzee nimekusikia pia. Swali langu linabaki hapo alipogusa Wakili. Kwa nini hasira ilinijia baada ya yule mtu kuondoka, wakati hatari ilikwisha? Nifanye nini katika dakika hizo? Na je, inafaa kwenda polisi kwa jambo ambalo halikuacha hata mchubuko?

Kocha wa Ngarenaro (Arusha):

Adrenalini haijui kwamba mtu ameondoka. Hubaki ikikusukuma kwa dakika nyingi, na hofu ikipungua kwanza, nguvu iliyosalia hutafuta pa kwenda. Tazama yaliyotokea Berlin tarehe 9 Julai 2006, katika fainali ya Kombe la Dunia. Marco Materazzi wa Italia alimtolea Zinedine Zidane wa Ufaransa maneno kuhusu dada yake; Zidane alikwisha kumpita, akawa anaondoka, kisha akageuka na kumpiga kwa kichwa kifuani. Ilikuwa dakika ya 110, akatolewa kwa kadi nyekundu, na Ufaransa ikapoteza kwa penalti 5 kwa 3. Kama angeongeza hatua chache za kwenda mbele, huenda tusingekuwa na la kusimulia.

Kwa hiyo vijana wangu hawamalizi zoezi pale mwenzao anapoanguka au kurudi nyuma. Kila kijana analazimika kurudi hatua tatu, kutazama kushoto na kulia, kutoa pumzi ndefu, kisha kutoka nje ya ukumbi kwa miguu. Asiyetoka hesabu yake ni kwamba ameshindwa. Nje ya ukumbi ni vivyo hivyo: tembea kwa mwendo wa haraka kuelekea kwenye watu na mwanga, ili misuli itumie kile ilichopewa. Usikae kijiweni na marafiki watakaolirudia tukio kwa kulitia chumvi, na usinywe pombe usiku huo. Aliyekuvuta ndani ya daladala alikufanyia kazi ya kocha. Siku nyingine mwambie mapema kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Wakili (Moshi):

Kuhusu polisi, inafaa. Kumkamata mtu ukosi bila ridhaa yake ni shambulio la kawaida hata pasipo jeraha, na lugha ya matusi inayoelekea kuvunja amani ni kosa chini ya kifungu cha 89. Nenda kituo kilicho karibu, taarifa yako iingizwe katika kitabu, na utaje wale waliowaachanisha, kama unawafahamu. Endapo siku nyingine utaumia, kachukue PF3 (fomu ya polisi kwa majeruhi) kabla ya kwenda Mawenzi au hospitali nyingine. Ila kama hali ni mbaya, tanguliza matibabu na umtume ndugu yako akaifuate fomu hiyo kituoni.