Mimea ya bustani yenye sumu kwa mbwa: ipi ing'olewe kwanza?

Muulizaji, Arusha
Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi uliopita tulihamia nyumba ya kupanga huko Njiro, yenye bustani iliyopandwa zamani, nasi tuna mtoto wa mbwa wa miezi minne anayetafuna kila anachokiona, kuanzia kandambili hadi mizizi. Uzio wa nyuma ni wa minyaa, kando ya shimo la taka umejiotea mbarika, mbele ya baraza kuna mtapo, ule mmea wa majani kama ya mnazi, na chini ya dirisha kuna kichaka ambacho maua yake huchanua yakiwa ya zambarau, kisha hupauka hadi kuwa meupe kabisa ndani ya siku tatu hivi. Mwenye nyumba ameniruhusu kung'oa nitakacho isipokuwa uzio. Ninaogopa zaidi minyaa, kwa kuwa utomvu wake uliwahi kumwingia mdogo wangu jichoni akateseka sana. Je, nianze na upi?

Daktari wa mifugo
Ndugu, hofu yako ina msingi, kwa maana utomvu wa mnyaa huunguza macho, mdomo na tumbo. Hata hivyo, ukali huo huo humfanya mbwa auteme mapema. Mimi huhofia zaidi mimea isiyomwonya mnyama mdomoni, na kwako ipo mitatu.

Anza na mtapo. Sehemu zake zote zina sumu, na mbegu ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu saikasini iliyomo huharibu ini. Mbwa hutapika ndani ya saa chache, pengine akatulia na mwenye mbwa akadhani amepona, kumbe ini linaendelea kufa. Siku ya pili au ya tatu macho yanakuwa ya manjano na damu inakataa kuganda. Kichaka chako, kwa jinsi unavyokieleza, ni Brunfelsia. Matunda na mbegu zake humletea mbwa mtetemeko na degedege linaloweza kurudi kwa siku kadhaa. Mbegu ya mbarika ikimezwa nzima huweza kupita bila madhara, lakini ikitafunwa ganda likapasuka, sumu yake iitwayo risini hutoka, na kutapika na kuharisha damu huanza baada ya saa kadhaa, wakati mwingine hata kesho yake.

Mfugaji, Tanga
Ninaunga mkono neno la daktari kuhusu mtapo. Mbwa wetu alitafuna mbegu zilizoanguka, akatapika usiku, asubuhi akanywa maji na kutikisa mkia, nasi tukashukuru. Siku ya tatu hakuinuka tena. Wazee wa pwani walijua kwamba mbegu hizo haziliwi hata na binadamu kabla ya kukaushwa na kulowekwa kwa muda mrefu, lakini hakuna aliyefikiria kuhusu mbwa. Nakuomba sana, usisubiri dalili.

Muulizaji, Arusha
Pole sana kwa msiba huo. Jirani ananiambia kwamba mbwa akila sumu anyweshwe maziwa, au maji ya chumvi ili atapike. Je, ni sahihi? Na mtapo wangu sijawahi kuuona na mbegu.

Daktari wa mifugo
Maziwa hayaondoi sumu hizi, na mbwa anayetetemeka akinyweshwa kwa nguvu, maziwa huweza kuingia mapafuni. Chumvi nyingi ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Kutapishwa kuna faida ndani ya saa moja au mbili tu, na kufanywe na daktari, ambaye anaweza pia kumpa mkaa wa dawa. Kwa hiyo mpeleke mara moja, ukibeba kipande cha mmea alioutafuna.

Mitapo ina dume na jike, na jike pekee ndiye huzaa mbegu. Wako huenda ni dume, au bado ni mchanga. Majani na shina vina sumu vilevile, hivyo uondoe pamoja na kisiki. Mbarika ung'oe kabla mbegu hazijakomaa, kwa sababu maganda yake hupasuka na kuzirusha mbali. Minyaa iwekee wavu wa kuku kwa ndani, na siku ya kuipogoa vaa glavu, kinga macho, na mfungie mbwa ndani hadi vipande vyote viwe vimeokotwa.